Nanga Kwenye Shingo ya Chuma

Old Hill
Jumapili, 8 Februari 1920

Selina,

Wewe mtoto una miguu bado, au umeiuza? Tangu Krismasi sijauona uso wako. Coventry si ahera, treni inakwenda na kurudi, na wanaokwenda huko naona wanarudi na pua zao zilezile. Mama Onions jirani ana binti aliyeolewa Wales, nyuma ya milima, na anakuja amebeba mtoto na kikapu. Mimi mjukuu wangu yuko umbali wa kusinzia kidogo ndani ya behewa, namwona kwa nadra kama theluji ya Mei.

Herufi zinatembea kama bata, najua. Ni mkono wangu mwenyewe. Sikukaa darasani hata siku moja, niliokota herufi kanisani kwa kufuata kidole cha mwenzangu kwenye kitabu cha nyimbo. Kama mwandiko unakuudhi, njoo nikuambie kwa mdomo.

Babu yako mzima. Anakula, anagomba, anasinzia mahubiri yakifika penye utamu. Hii kazi ya kufua mikono ya chuma ya usukani anayoletewa kutoka kiwanda chenu cha magari imempunguzia miaka. Nilidhani minyororo aliyokuwa akifua ikikosa mnunuzi atakaa kitini afe kama wenzake. Wapi! Asubuhi mimi sijafunga kilemba yeye yuko kwenye mvukuto. Akimaliza mkono mmoja anauinua hivi, kama mvuvi na samaki wake, ananiambia, "Keziah, dereva akizungusha usukani, ni huyu anayepeleka neno kwenye magurudumu. Huyu akikataa, lile si gari tena, ni jeneza lenye taa."

Halafu anacheka peke yake.

Na wewe hapo unafanya nini hasa? Wakati wa vita ulisema unatengeneza makombora, nikaelewa. Sasa unasema unajaribu vyuma. Unavijaribu vipi, unavionja?

Bibi yako,
Keziah Tromans


Coventry
15 Februari 1920

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimekosa, nimekosa, usinipige. Kazi imetubana na Jumapili nalala kama gogo.

Hatuvionji, Bibi. Kuna mashine moja kubwa kwenye chumba chetu, sisi tunaiita Mama Mkwe kwa sababu haimpi mtu nafasi ya kupumua. Ina gurudumu, na kwenye gurudumu kuna kijiti kilichokaa pembeni badala ya katikati. Gurudumu likizunguka, kijiti kinausukuma mkono wa usukani, kinauvuta, kinausukuma, kinauvuta, kama tairi linavyourudisha kila likiingia shimoni. Msukumo wenyewe ni mdogo. Lakini hauachi. Unaendelea mchana kutwa na usiku kucha, wiki baada ya wiki, mpaka tujue kama chuma kitachoka au hakitachoka. Kikichoka kinakatika, na mashine inasimama yenyewe. Kazi yangu ni kukaa nayo, kuitia mafuta, na kumwambia Bwana Pargeter mkubwa wetu kilichotokea.

Babu anaendeleaje na kazi, kwani? Bado anaiona vizuri rangi ya moto? Akimaliza mkono ukawa umepinda kidogo, anaunyoosha ungali mwekundu au anausubiri upoe? Na tangu Mjomba Benjamin aende Kanada, nani anamshikia koleo? Nauliza tu.

Mjukuu wako,
Selina


Old Hill
21 Februari 1920

Selina,

"Nauliza tu." Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa hivyohivyo. Akivunja bakuli anakuja kuniuliza tuna bakuli ngapi. Mmevunja nini huko?

Babu yako anaiona rangi ya moto kuliko wewe unavyoiona rangi ya gauni lako. Ananyoosha chuma kikiwa chekundu, kama alivyofundishwa na baba yake, na anayenyoosha chuma kilichopoa ni fundi wa kuazima. Koleo namshikia mimi. Ndiyo, mimi! Umesahau mikono hii ilikotoka? Nilipiga minyororo kabla sijaota meno ya nyuma. Mama yako nilimlea ndani ya boksi la mbao, nimelitundika kwenye mti wa mvukuto. Nikivuta mvukuto mtoto anabembea, nikisimama analia, kwa hiyo sikusimama. Siku hizo ungepita uchochoro wetu ungesikia nyundo kila ua, na kila nyundo ina mwanamke wake, na kila mwanamke anaimba wake. Ungeweza kumjua mtu kwa mlio. Mama Onions alikuwa na pigo la kivivu. Leo nikikaa mlangoni nasikia yetu tu. Uchochoro umekuwa kama mdomo uliobaki na jino moja.

Na huyo Mama Mkwe wenu simwelewi. Sisi mnyororo ulipelekwa kwenye nyumba ya majaribio, ukavutwa mara moja, vuta nikuvute kama ng'ombe anayevutwa mkia. Ukikatika umekatika. Usipokatika unapigwa chapa na unakwenda baharini. Nyie mnakichezeachezea chuma mwezi mzima mpaka kinachoka. Hata mimi mkinisukuma na kunivuta mwezi mzima nitakatika, na hamtasema Keziah hakuumbwa vizuri.

Babu yako kazi yake anaionea fahari, nakwambia, hakuna anayeweka jina lake kwenye kazi mbovu. Mwezi wa kwanza yule dereva wa lori la kiwanda chenu, Dews, alimletea mkono mmoja uliokamilishwa huko kwenu, unang'aa kama kijiko cha kasisi, aone unavyotoka. Babu akaugeuza, akaugeuza. "Nanga yangu iko wapi?" Ile chapa ya nanga ndogo, unaijua, ya baba yake aliyekuwa akifua nanga za meli kule Netherton. Yeye huipiga kwenye kichwa kinene cha mkono, na nyie mmekichonga kichwa chote kiingie mahali pake, nanga imekwenda na unga wa chuma. Akamrudishia Dews chuma chake. Ila tangu siku ile anaipiga kwenye shingo, pale pembamba pasipochongwa. Kikiwa kimepoa, pigo moja zito la kutoka begani. "Sasa waifute," anasema.

Basi mtu kama huyo ndiye unayeniuliza kama anaona?

Sema kilichovunjika.

Bibi yako


Coventry
24 Februari 1920

Bibi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Kilichovunjika ni mikono ya Babu.

Ile ya mwaka jana ilicheza kwenye mashine mpaka tukachoka sisi, haikupata dosari. Ya mwaka huu inakatika. Yote. Tena inakatika upesi, mahali pamoja, shingoni. Magari yatakayofungwa mikono hii hayajauzwa bado, namshukuru Mungu kila asubuhi, kwa maana nimeona jinsi chuma kinavyokatika: hakipindi, hakilii, kinaachia tu. Nawaza mama na watoto wake kwenye mteremko.

Bwana Pargeter alisema mbele ya watu wote, "Mzee wa Old Hill amekwisha. Mwisho wa Machi tunampa kazi mtu mwingine." Hajui ni babu yangu, mimi ni Hadley na yeye Tromans. Sikumwambia. Niliona aibu, halafu nikaona aibu ya kuona aibu. Ndiyo maana nilikuuliza yale. Na mimi nilidhani ni macho, Bibi. Au mkono. Nisamehe.

Lakini leo baada ya barua yako nimechukua mkono ambao ulikuwa haujakatika, umecheza siku chache tu. Nimeutia kwenye mafuta ya taa, nikaufuta ukakauka kabisa, nikaupaka chaki nyeupe. Mafuta yakiwa yamejificha kwenye ufa huwa yanatoka yenyewe, yanachora mstari kwenye chaki. Nikasubiri. Mstari ukatokea, mwembamba kama unywele, na umeanzia kwenye ncha ya nanga.

Chuma ni kizuri. Moto ni mzuri. Ni chapa. Lile pigo zito linaacha kidonda chenye kona kali, na kila Mama Mkwe anaposukuma, kidonda kinafunguka kidogo.

Bwana Pargeter ananiambia alama ndogo vile haiwezi kukata chuma kinene vile, nimletee cha kuona. Naomba Babu atengeneze mkono mmoja usio na chapa. Mmoja tu. Utamwambia?

Selina


Old Hill
2 Machi 1920

Selina,

Nimemwambia. Afadhali ningemwambia mfalme amekufa.

Nilimngoja ashibe. Nilimpikia mbaazi za kijivu na bekoni, nikampa na mkate wa kufutia. Nikasema, "Noah, mikono inakatika kwenye mashine yao."

"Ya nani?"

"Yako."

"Basi mashine imelewa."

"Inakatika penye nanga, mzee."

Akaweka kijiko. "Baba yangu aliipiga nanga hiyo kwenye kazi yake yote. Meli zimekwenda Australia nayo, zimerudi."

"Nanga ya meli inalala matopeni, Noah. Hakuna anayeitikisa mchana na usiku."

"Nani amekwambia haya?"

"Selina."

Hapo akasukuma sahani mbali, na nilitamani angetukana. Kisha akasema, "Nilimshika mkono mtoto yule nikamfundisha kupiga msumari. Leo ananiambia jina langu ni ufa."

"Hajasema jina. Amesema chapa. Tengeneza mmoja bila chapa waone, kuna ubaya gani?"

"Mkono usio na chapa ni wa nani, Keziah? Ukikatika, nani ataulizwa?"

"Na usipokatika, nani atasifiwa? Hilo ndilo linalokuuma, sema ukweli."

Mwanamke mwenye busara asingesema hivyo. Mimi busara yangu ilikuwa jikoni ikiosha sufuria. Akainuka, akaenda kwa nguruwe wake, na tangu siku hiyo anazungumza na nguruwe. Nikipita anamwambia, "Mwambie mama huyo chai yake ni ya jana." Na mimi nampelekea nguruwe majibu. Nguruwe mwenyewe amechoka na sisi.

Usidhani simwonei huruma. Mwanamume huyu hajui kusoma. Akipewa karatasi anaweka msalaba, kama mimi nilivyoweka siku ya ndoa yetu, misalaba miwili imekaa pamoja kama makaburi. Nanga ndiyo herufi yake pekee. Akipita bandarini wakati ule tulipokuwa na nguvu ya kusafiri, aliinama kwenye minyororo mbele ya watu, matako juu, anatafuta. Akiiona ananiita, "Keziah! Njoo unione!" Hasemi njoo uione. Anasema unione.

Lakini huyo mama wa kwenye mteremko na watoto wake na mimi nimewaona, umeniletea jikoni na hawatoki.

Kwa hiyo sikiliza. Ijumaa alifua mikono miwili kutoka nondo moja, moto mmoja, mimi nikishika koleo. Wa kwanza akaupiga nanga. Wa pili ulipokuwa unapoa akaitwa na mume wa Mama Onions kumtazamia farasi. Nikauchukua kabla hajaupiga chapa. Nimeifunga yote miwili kwenye aproni yangu kuukuu, nimempa Dews akukabidhi wewe mkononi. Babu yako anadhani ameuweka vibaya. Ameutafuta mpaka chini ya kitanda, na mimi nimemsaidia kutafuta, Mungu anisamehe.

Fanya haraka, sipendi kulala karibu na mtu niliyemwibia.

Keziah


Coventry
11 Machi 1920

Bibi,

Wa nanga umekatika leo asubuhi. Palepale. Wa pili unacheza bado.

S.


Coventry
27 Machi 1920

Bibi yangu,

Unacheza bado! Bwana Pargeter anakuja kila siku na kikombe chake cha chai, anasimama mbele ya Mama Mkwe kama mtu anayengoja treni, anaondoka. Jana niliupaka mkono ule chaki mbele ya macho yake. Weupe mtupu, hakuna mstari. Akaniuliza, "Huyu mzee umemjuaje, Hadley?" Nikasema ni baba wa mama yangu na ndiye aliyenifundisha nyundo. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Ungeniambia mapema, nisingesema nilivyosema." Nikamwambia, "Ndiyo maana ni vizuri sikukuambia, bwana, maana tungeoneana haya na chuma kingeendelea kukatika."

Kazi haiondoki kwa Babu. Inaongezwa. Lakini kuna sharti, na si lake peke yake, ni la mafundi wote wanaotufulia: hakuna chapa yoyote kwenye mkono wa usukani, si shingoni, si popote. Niliomba tutafute mahali pengine pa nanga. Tumeugeuza mkono ule kila upande, mimi na Bwana Pargeter. Panene panachongwa, na pasipochongwa ndipo panapobeba uzito. Hapana mahali, Bibi.

Sijui utamwambiaje. Ukitaka nimwandikie mimi, umsomee.

Selina


Old Hill
30 Machi 1920

Selina,

Mambo ya kusomewa hayamfai. Nimemwambia mwenyewe, nimesimama kwenye mlango wa karakana ili asipite.

Nilianza na wizi wangu. Nikasema, "Mkono uliopotea niliuiba mimi, nikaupeleka Coventry, na mpaka leo mashine imeshindwa kuukata." Nikamwona anataka kukasirika na anataka kufurahi, vyote viwili vinagombania uso mmoja. Furaha ikatangulia.

"Imeshindwa?"

"Imeshindwa. Mkubwa wao anakuja na chai kuuangalia."

"Chai gani?"

"Nitajuaje chai gani, mzee? Chai!"

Akacheka. Mwezi mzima sikuwa nimeusikia mdomo huo. Basi nikalisema na lile lingine, lote, bila kulipaka sukari: hakuna nanga tena, popote. Akachukua ile chapa kwenye msumari wake, akaifuta na kidole, akaitia mfukoni kama mtu anayeweka saa ya marehemu. Akaniuliza, "Basi mtu atajuaje?"

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

Nikamshika mkono wa shati. Nikamwambia, "Mama mmoja atashuka mteremko na wanawe, atafika chini, atalaumu kuwa njia ina vumbi. Huyo hatajua kitu. Ndiyo kazi yenyewe." Akatikisa kichwa kama anayesema ndiyo, lakini macho hayakusema.

Kazi anafanya. Tena anafanya vizuri, shingo anaipiga tupa mpaka laini kama shavu la mtoto, kwa sababu umesema kona kali ndiyo adui. Ila nikwambie kitu kinachonisumbua. Tangu niolewe, kila kazi yake inakwisha namna moja: mapigo mengi ya haraka, kimya kidogo, halafu pigo moja zito. Nimepika kwa pigo hilo, nimezaa kwa pigo hilo, nikilisikia najua kimekwisha na anakuja kula. Sasa mapigo yanakwisha, kimya kinakuja, na mimi nasimama jikoni na mwiko mkononi nangoja. Haliji. Supu imeungua mara mbili.

Amerudi kuzungumza na mimi, nguruwe amepumzika. Lakini jioni anakaa tu na kuangalia mikono yake, na mtu wa umri wake akianza kuangalia mikono sana si dalili nzuri. Kwa hiyo wewe unakuja Pasaka. Sikuulizi kama una nafasi.

Ukifika usimweleze mambo ya ufa wala mafuta wala chaki, ameyaelewa, si mjinga. Kula, msifu nguruwe, mpe Babu habari za Mama Mkwe, atacheka. Halafu mchukue umshike mkono mpande naye polepole mpaka barabara kuu ya Halesowen, pale magari yanapopita siku ya sikukuu. Mkae ukutani. Gari likitokea, lolote, jipya, bovu, la kifahari, la muuza samaki, mguse begani umwambie, "Hilo lako, Babu."

Usiniambie huwezi kujua. Najua huwezi kujua. Naye anajua. Wewe mwambie tu, na likija lingine mwambie tena.

Bibi yako,
Keziah Tromans